Kalamu ya Kuazimwa

Juzi kijana mmoja wa kwaya yetu hapa Plateau alinijia jioni, karatasi imekunjwa mfukoni. Ni mtunzi mzuri. Mungu amempa sikio na amempa maneno, na akipiga kinanda hata mtoto aliyekuwa akilia hunyamaza. Aliniambia amepata kazi ya kumtungia wimbo mtu anayejiandaa kwa uchaguzi wa 2027, beti mbili za mwanzo ziko tayari, na kwamba anaomba nimsaidie kupanga sauti. Niliisoma ile karatasi chini ya taa. Katika ubeti wa pili palikuwa na neno moja lililonishtua, neno linalowataja majirani zetu kana kwamba ni magugu ya kung'olewa shambani.

Sikumgombeza. Nilimwambia akae, nikammiminia chai, nikamsimulia habari za msichana wa Unguja aliyejua kuandika. Nawasimulia nanyi pia, kwa sababu naamini wako wengi kama kijana yule, na kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kujikwaa kwenye kisiki hicho hicho. Hilo la kwangu nitalifikia.

Msichana huyo ni Sayyida Salme binti Said. Alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Mtoni, ufukweni, kaskazini ya mji wa Unguja. Baba yake alikuwa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, yule aliyehamishia makao yake Unguja na kukifanya kisiwa kile nchi ya karafuu. Mama yake, Jilfidan, hakuwa mke wa ndoa. Alikuwa suria, Mcherkesi kutoka milima ya Kaukazi, aliyetekwa vitani angali mtoto mdogo, akauzwa, hadi akafikishwa katika nyumba ya Sultani. Masuria walikuwa wengi mle ndani, na mtoto wa suria alihesabiwa mtoto kamili wa baba yake, akarithi kama wengine. Seyyid Said alipofariki aliacha watoto 36 walio hai.

Hebu ifikirie nyumba ya namna hiyo. Watoto 36, mama mbalimbali waliotoka nchi mbalimbali, majumba kadhaa, kila jumba na wapambe wake. Kila mtoto ana ndugu wa kupenda na ndugu wa kuogopa. Sisi wa Bonde la Ufa tunaijua hali hiyo, ingawa kwetu huitwa makabila na koo. Amani ya nyumba kama hiyo husimama maadamu mzee yupo. Mzee akiondoka, kila mmoja huanza kuhesabu walio upande wake.

Wasichana wa mle jumbani walifundishwa kusoma Kurani, ila kuandika hawakufundishwa. Kalamu ilikuwa ya wavulana. Salme akajifundisha kwa siri. Alichukua mfupa wa bega la ngamia, ambao siku zile ulitumika kama ubao, akanakili juu yake herufi za msahafu, moja baada ya nyingine, mpaka mkono ukakubali. Mimi ni mwalimu, na kila nikifika kwenye habari hii moyo wangu hufurahi. Mtoto aliyenyimwa elimu aliifuata mwenyewe. Hakukosea hapo hata kidogo, na mzazi yeyote mwenye binti aliye hivyo amshukuru Mungu. Balaa lilikuja na watu waliogundua kwamba mkono ule unaweza kuwafaa.

Oktoba 1856 Seyyid Said alifariki baharini, njiani akirudi kutoka Oman. Mwanawe Thuwaini akashika Oman, Majid akashika Zanzibar. Barghash, mdogo wake Majid, hakuridhika. Alikuwa mtu wa nguvu na wa makuu, na alijiona anakifaa kiti kuliko kaka yake aliyekuwa mpole na mgonjwa mgonjwa.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penye kisa chetu. Salme alimpenda Majid. Utotoni aliishi na mama yake katika nyumba ya Majid, Beit al-Watoro, na ndiko alikojifunza kupanda farasi na kupiga shabaha. Majid hakumtendea ubaya wowote. Lakini mwaka 1859 Salme alimwunga mkono Barghash dhidi ya kaka huyo huyo. Alikuwa na miaka 15. Ilikuwaje?

Kwanza alifiwa. Kipindupindu kilipita Unguja, na Jilfidan akafariki. Salme alikuwa mtoto wake wa pekee aliyebaki, na mama ndiye aliyekuwa dunia yake yote. Katika upweke ule aliegemea kwa dada yake Khole, msichana aliyesifika kwa uzuri na aliyempenda kwa dhati. Khole alikuwa wa Barghash, roho na mwili. Kwa hiyo Salme hakuingia katika ule mpango kwa sababu aliona Barghash ana haki. Aliingia kwa kumfuata dada aliyemfuta machozi. Mababu zetu walijua hatari hiyo. Kwetu mfiwa hadaiwi deni wala hauziwi ng'ombe kabla matanga hayajaanuliwa, kwa kuwa anayelia hukubali neno lolote la mtu anayemshika mkono. Salme alikuwa bado yumo matangani pale alipotakiwa kuchagua upande katika vita vya kiti.

Alijaribu kukaa katikati. Mwenyewe amesimulia alivyovutwa huku na huku, akiwapenda wa pande zote mbili na kutamani wapatane. Huo moyo mzito ulikuwa onyo. Ndugu yangu msomaji, ukiona moyo wako unasita mbele ya jambo, na yule anayekuita hakupi nafasi ya kusita, bali kila siku anakuuliza, "Uko nasi au hauko nasi?", simama. Mwenye jambo la haki hakuharakishi hivyo.

Kisha tazama kazi aliyopewa. Barghash alikuwa na wafuasi, alikuwa na ukoo wa Harthi nyuma yake, alikuwa na fedha. Wanawake wa ndani aliowaamini hawakujua kuandika, ila mmoja. Basi Salme akawa katibu wa maasi. Barua za kutafuta watu na barua za kutafuta silaha na baruti ziliandikwa kwa mkono wa msichana wa miaka 15, usiku, ndani ya nyumba ya wanawake. Hakuna aliyemuuliza maoni yake kuhusu utawala wa nchi. Walihitaji hati yake. Na barua ikikamatwa, hati itakayotambulika ni ya nani? Mkono wa aliyetamka maneno hauonekani kwenye karatasi.

Nimekaa sana juu ya jambo hili kwa sababu ndilo Salme hakuliona, wala mimi sikuliona nilipofikiwa. Ukiitwa katika shughuli kubwa, jiulize wanakutaka wewe au wanataka kitu ulicho nacho. Wakikutaka wewe watakuuliza una mawazo gani, na siku ukisema hapana watakaa kusikiliza.

Dalili zilizidi kuongezeka. Serikali ya Majid ilikwisha pata habari. Majid alichelewa kuchukua hatua kali, na wale vijana wakauona upole wake kuwa udhaifu, badala ya kuuona kuwa mlango ulioachwa wazi ili warudi. Hatimaye nyumba ya Barghash ikazungukwa na askari. Hata hapo palikuwa na njia ya kurudi. Lakini wanawake wa upande wake, Khole na Salme wakiwamo, walitoka usiku wakiwa wamejifunika, wakawapita walinzi Wabaluchi, wakamtoa Barghash akiwa amevikwa nguo za kike. Simulizi hii huwapendeza watu, na kweli ina ushujaa ndani yake. Lakini nawaomba tusiishie kwenye ushujaa. Barghash alikimbilia shamba lililoitwa Marseilles, huko ndani ya kisiwa, ambako wafuasi wake walikuwa wamejikusanya. Majeshi ya Majid yakatumwa, mabaharia Waingereza wakaja na mizinga, na ile nyumba nzuri ya shamba ikavunjwavunjwa. Watu walikufa pale, watu ambao hawakupanga lolote, waliofuata tu mwito ulioandikwa kwenye karatasi. Barghash akarudi mjini kwa kificho, akakamatwa mbele ya Rigby, balozi wa Uingereza, akapelekwa Bombay.

Na msichana aliyeandika barua? Majid hakumwadhibu. Hilo peke yake lingetosha kumliza mtu mwenye dhamiri. Salme alijitenga mashambani, Kizimbani, kisha Bububu. Marafiki walipungua. Waliopoteza wana wao Marseilles walijua nani alishika kalamu. Barghash alikaa Bombay kama miaka miwili, akarudi, na hatimaye akawa Sultani mwaka 1870 baada ya Majid kufariki. Yeye alipoteza miaka miwili. Salme alipoteza nafasi yake katika nyumba ya baba yake, na haikurudi tena.

Kuna kipande kidogo kilichofuata ambacho wengi hukiruka, na kwangu mimi ndicho kizito kuliko mizinga. Baadaye Majid alimwomba Salme aiachie nyumba yake ya Bububu ili balozi mpya wa Uingereza akae. Salme akakubali. Ilikuwa heshima ndogo kwa kaka aliyemsamehe, na ikafungua mlango wa mapatano. Upande wa Khole na Barghash waliposikia, walimhesabu msaliti. Usiku wote ule wa barua, hatari yote ile, ikafutwa na tendo moja la adabu. Ndivyo walivyo wanaotutumia: hesabu yao ya mema yetu ni fupi mno.

Yaliyofuata mengi yanajulikana, nami nitayapita haraka. Katika upweke wake wa mjini Salme alipendana na jirani yake, mfanyabiashara Mjerumani Heinrich Ruete. Akashika mimba, na Agosti 1866 akaondoka usiku kwa manowari ya Uingereza iitwayo Highflyer hadi Aden. Huko alibatizwa na kufunga ndoa mwaka 1867, akaitwa Emily, akaenda kuishi Hamburg. Simhukumu kwa mapenzi. Mengi yangeweza kuwa tofauti kama angekuwa bado na ndugu wa kumshauri, lakini ndugu walikuwa wameshaparaganyika. Mwaka 1870 mumewe alifariki kwa ajali ya tramu, akaachwa na watoto watatu wadogo katika nchi ya baridi, lugha ya watu, sheria za watu, akifundisha Kiarabu ili wapate kula.

Mtu angedhani amekwisha kuwajua wakubwa. Lakini jeraha la namna hii halimfanyi mtu awe mwerevu mara moja. Linamfanya atamani kurudi alikotoka, na anayetamani sana kurudi ni rahisi kubebwa.

Mwaka 1875 Barghash, sasa Sultani, alizuru London. Salme akasafiri kwenda kumwona ndugu yake, yule ambaye zamani yeye Salme alimwandikia barua za hatari. Waingereza hawakutaka mkutano ule uvuruge mambo yao na Sultani. Mmoja wao, Sir Bartle Frere, alimweleza Salme kwamba akiacha kuonana naye, watoto wake wataangaliwa. Mama mjane akawaza watoto wake, akakubali. Hakuonana na Barghash, na ile ahadi haikutimizwa. Neno la mdomo, lililotolewa na mtu aliyekuwa na haja ya siku chache, likaisha siku zile zilipoisha.

Kisha ukaja mwaka 1885. Mjerumani Carl Peters alikuwa amezunguka Usagara na nchi za jirani mwishoni mwa 1884 akiwatilisha machifu sahihi kwenye mikataba, na Februari 1885 serikali ya Kaiser ikatoa hati ya ulinzi juu ya nchi hizo. Barghash alipinga, akisema bara ile ni yake. Bismarck, kansela wa Ujerumani, akatuma manowari. Na katika safari hiyo Salme akapandishwa meli iitwayo Adler pamoja na watoto wake, kwa maelezo kwamba dola ya Ujerumani inakwenda kumdaia urithi wake.

Nimejiuliza mara nyingi aliwaza nini alipokuwa ndani ya meli ile. Kwa miaka mingi alikuwa amedai haki yake, na serikali haikufanya haraka. Ghafla, mwaka ambao Ujerumani inagombania bara na Barghash, haki ya mjane mmoja imekuwa na thamani ya manowari. Hiyo peke yake ilikuwa ishara kubwa kama jua. Wanahistoria wengi wameona kwamba alibebwa kama chambo: Sultani akimgusa raia wa Ujerumani, Berlin ipate sababu ya kupiga mizinga. Kama wangemtaka yeye, wasingempeleka nyumbani kwao katikati ya meli za vita.

Tarehe 7 Agosti 1885 zile manowari zilitia nanga mbele ya jumba la Barghash. Salme aliiona tena Unguja baada ya miaka 19. Aliandika kwamba watu wa mjini walimsalimu kwa furaha. Ndugu yake akakataa kumtambua. Chini ya midomo ya mizinga Barghash alikubali matakwa ya Wajerumani kuhusu bara, na walipokwisha pata walichokuja kukitafuta, habari ya urithi wa Salme ikawekwa kando. Akarudishwa Ulaya mikono mitupu. Alijaribu tena mwaka 1888, akashindwa tena, akaenda kuishi miaka mingi Beirut.

Kwa mara ya pili mtu aliyekuwa na sehemu yake katika nyumba ya kifalme alitumiwa dhidi ya nyumba hiyo. Mara ya kwanza walihitaji mkono wake, mara ya pili walihitaji jina lake. Na mara zote mbili yeye aliamini kwamba anahudumia moyo wake mwenyewe.

Nisimpambe kupita kiasi. Kumbukumbu zake alizozichapisha Berlin mwaka 1886 ni hazina, ni sauti ya mwanamke wa pwani yetu akiisimulia nyumba yake mwenyewe kwa kalamu yake, na ndani yake anakiri majuto yake ya 1859. Humo humo anautetea utumwa, ambao ndio uliolima zile karafuu na ambao ndio uliomleta mama yake mzazi Unguja. Katika hilo simfuati. Mtu aweza kuumizwa na wenye nguvu na bado asiwaone aliowakanyaga yeye. Nalisema hili nikijitazama mwenyewe.

Maana sasa nafika kwangu.

Oktoba 2007 mtu mmoja alinifuata baada ya mazoezi ya kwaya. Jina lake silitaji. Alinisalimu kwa heshima, "Chamgei, mwalimu," akaniuliza habari za mama na watoto. Akasema aliusikia wimbo wangu kwenye harusi huko Burnt Forest, ukamgusa, na kwamba watu wetu wanahitaji sauti kama yangu wakati huu. Akaweka shilingi 2,000 mezani. Nilikuwa na karo ya mtoto haijalipwa, naye alilijua hilo. Alitaka wimbo wa kampeni, wa kuchezeka, wenye neno "madoadoa" ndani yake. Waliokuwa Bonde la Ufa mwaka ule wanajua neno hilo lilimaanisha nani: majirani zetu wa makabila mengine. Halafu akaniambia, kwa sauti ya mtu anayenijali, "Mwalimu, usiwe na wasiwasi, jina lako halitaonekana popote."

Nilidhani ananilinda. Leo naijua ishara ile vizuri. Mtu anakusifu kwa kipaji chako, kisha anataka kazi ya kipaji hicho isijulikane kuwa ni yako. Basi anajua ni kazi ya aibu, na anajua kabla yako. Pia hakuniachia maandishi yoyote. Maneno aliyoyataka aliyasema kwa mdomo, nikayaandika mimi, kwa hati yangu.

Nilitunga beti mbili usiku mmoja. Sauti ilikuja kwa urahisi, na nilifurahi, Mungu anisamehe, kama mtunzi yeyote anavyofurahi wimbo unapokubali. Asubuhi nilikuwa nakamua huku nikiuimba bila maneno. Ng'ambo ya ua alikuwa jirani yetu, mama wa Kikuyu tuliyemwita Shosho, akichimba viazi. Tulikuwa tukipeana maziwa na viazi miaka yote hiyo. Akainua kichwa, akauliza, "Mwalimu, hiyo ni ya ibada gani? Ni tamu."

Sikuweza kumwambia maneno ya wimbo ule. Nikasema, "Bado sijaimaliza, Shosho."

Onyo langu lilisimama mbele yangu na jembe mkononi, nami nikalipita nikabeba ndoo yangu kwenda nyumbani. Ubeti wa tatu sikuuandika. Nilimwambia yule mtu kwamba nina kazi nyingi. Lakini beti mbili nilikuwa nimeshazitoa, na Desemba nilizisikia zikiimbwa juu ya pikapu hapa sokoni, vijana wanaruka, wengine ni niliowafundisha solfa mwenyewe.

Yaliyofuata baada ya uchaguzi ule kila Mkenya anayajua. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, si mbali na Eldoret, lilichomwa moto likiwa na akina mama na watoto waliokimbilia humo. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini katika wiki zile, na ikaeleza jinsi vipeperushi, ujumbe mfupi wa simu na matangazo ya redio yalivyotangulia mapanga. Shosho aliondoka kwa trela la trekta na godoro moja, akaenda kulala kwenye hema katika uwanja wa maonyesho wa Eldoret pamoja na maelfu ya wengine. Mabati ya nyumba yake yaling'olewa.

Siku barabara ilipofunguka nilimpelekea maziwa lita tano. Alinishika mikono miwili, akanishukuru, akaniombea mimi na watoto wangu. Sikumwambia. Hakurudi tena Plateau. Alihamia kwa mwanawe Nyandarua, na huko ndiko alikozikwa. Mimi siwezi kusema kwamba wimbo wangu ndio uliong'oa mabati yale. Wala siwezi kusimama kanisani nikasema sikuhusika.

Yule mtu nilikutana naye miaka kadhaa baadaye Sisibo, kama wazee wetu wanavyoiita Eldoret, kwenye foleni ya benki. Nilimsalimu. Alinitazama kama mtu anayemtazama mgeni, akaitikia, akaendelea na simu yake.

Hapo ndipo nilipoonja alichoonja Salme akirudi Ulaya ndani ya meli, ingawa wakati ule sikuwa hata nimekisoma kitabu chake. Alifariki Jena, Ujerumani, tarehe 29 Februari 1924, akazikwa Hamburg pamoja na kifuko kidogo cha mchanga wa Unguja alichokitunza maisha yake yote. Mwaka mmoja kabla ya kifo chake ndipo nyumba ya kifalme ya Zanzibar ilipomtengea kiasi kidogo cha pesa za matumizi. Alikuwa na umri wa karibu miaka 80. Barua zile alikuwa ameziandika akiwa na 15.

Kijana wangu alinywa chai yake mpaka ikaisha bila kusema neno. Kisha akaniuliza swali la haki: "Mwalimu, sasa tusiimbe siasa kabisa?" Nikamjibu kwamba sivyo. Nchi ni yetu, na wimbo una haki ya kumsifu kiongozi, kumkemea, kudai barabara, kudai bei ya mahindi. Mtunzi asiyesema lolote wakati watu wake wanaumia naye ana deni. Kinachotakiwa ni kwamba maneno yawe yako, jina lako liwepo juu yake, na uweze kuyasimamia mchana mbele ya mtu yeyote.

Basi nawaomba, vijana wangu wa Plateau, wa Burnt Forest, wa Turbo, na kokote mlipo wenye kalamu, kinanda, kipaza sauti au simu yenye wafuasi wengi. Miezi hii mtafuatwa. Watakuja na salamu za heshima na watajua karo ipi haijalipwa. Mkiletewa kazi ya namna hiyo, nendeni mkaiimbe kwanza nje ya ua wa jirani anayetajwa ndani yake, kwa sauti, maneno yote, mchana. Mkishindwa kufanya hivyo, zirudisheni hela za watu siku hiyo hiyo.